Tupeane uzoefu: baada ya kujifungua mlirudi lini kwenye tendo na ilikuwaje?

Habari wapendwa. Nimejifungua kawaida mtoto wa kwanza, niliongezewa njia nikashonwa, leo siku ya 43. Baba mtoto alikuwa anahesabu arobaini kama anasubiri mshahara, juzi tukajaribu jamani nilipiga kelele mpaka mama mkwe akagonga mlango kuuliza mtoto kaanguka au 😂 Nacheka ila naogopa kurudia. Nyie mlifanyaje? Matusi hapana tafadhali.

Mama Wawili: Pole mwaya. Kidonda hakijui arobaini. Mimi nilikaa karibu miezi mitatu na bado iliuma, kumbe nyuzi zilishapona zamani, shida ilikuwa ukavu. Nilijikaza nikamwambia nesi kliniki, akanikagua, akasema ukinyonyesha homoni zinashuka ndo maana huko kunakauka, nikanunue jeli ya maji duka la dawa. Na akanionya kama tunatumia kondomu tusipake mafuta ya nazi wala ya mgando, kondomu inapasuka. Tukaanza mdogo mdogo, ikiuma tunaacha, tunalala zetu.

Bibie wa kisu: Wa operesheni msijidanganye eti huku chini hakujaguswa. Pale kondo la nyuma lilipobanduka ni kidonda, ndo hiyo damu inayotoka wiki kadhaa. Mimi nilimkubalia mume wiki ya tatu damu bado inatoka, baada ya siku chache homa, baridi, tumbo la chini linauma, uchafu unanuka mpaka najionea aibu. Nililazwa, sindano za mshipa asubuhi na jioni. Daktari hakunigombeza ila aliuliza "nani alikuwa na haraka?" nikanyamaza. Ukiona homa, harufu au damu inaloweka pedi nenda hospitali hapohapo usisubiri kukandwa na maji moto.

Baba K: Naingia kama mwanaume. Kwetu sisi ilikuwa kinyume, mke yuko tayari mimi ndo nakimbia, nalala sebuleni miezi minne 🙈 Mama alinijaza kwamba nikimgusa mke anayenyonyesha nitambemenda mtoto, atadhoofika hatatembea. Mke akadhani nina mchepuko! Mganga wa zahanati ndo aliniokoa, akasema maziwa hayaharibiki kwa tendo, mtoto anadhoofika kwa chakula kidogo na magonjwa.

Nimepishanisha mwaka: Hakuna anayesema mimba? Nilijua nanyonyesha basi nipo salama, mwezi wa nne nikashika nyingine na hedhi sijaiona hata siku moja!! Kumbe yai linatangulia hedhi. Kunyonyesha kunazuia ukitimiza yote matatu: mtoto hajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya tu usiku na mchana. Wangu nilimwanzishia uji mwezi wa pili. Ulizeni njia ya uzazi mapema, zipo za wanaonyonyesha, kipandikizi, kitanzi, vidonge vya homoni moja. Msichukue tu vidonge vya dada yako kama nilivyotaka mimi.

Mleta mada tena: asanteni sana, kesho naenda kliniki nikaguliwe hizo nyuzi. Baba mtoto nimemsomea zote, ile ya sindano za mshipa ndo imemkata maneno. Mama mkwe bado ananiangalia kwa jicho la pembeni tukikaa kula.