Naomba ushauri: tiara ya watoto inazunguka kusi likivuma

Assalaam aleykum ndugu zangu. Tuko Lamu, skuli zimefungwa, kusi limeanza, na watoto wanaunda tiara (kishada) uani.

Uti (kijiti cha wima) ni sm 60, mtambuko (kijiti cha kukingama) sm 50, umefungwa sm 15 kutoka juu. Vijiti ni chelewa (njiti za ukuti wa mnazi) mbilimbili zilizokazwa kwa uzi. Karatasi ni kaki nyepesi (mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017, na kwa tiara ndiyo ilikuwa bora, tuseme kweli). Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano. Mkia ni vitambaa vya kanga kuukuu, mita 3.

Upepo mwanana inapaa vizuri. Kusi likikaza huegemea kushoto, ikazunguka, ikajichoma mchangani. Mbawa zinalingana uzito, nimezipima kidoleni. Mkia wa mita 4 uliituliza lakini ikakataa kupanda. Kusogeza fundo la hatamu (uzi wa kwenye uti unaofungwa uzi wa kurushia) sm 2 juu kulisaidia kidogo tu.

Naomba kujua: mtambuko upindwe nyuma kama upinde, na kwa sm ngapi, bila chelewa kuvunjika? Na gundi hii niichanganye na nini isibanduke kwa unyevu wa bahari?