Muuguzi wa shule: nimwachie msaidizi wa darasa kumlisha mtoto kwa mrija?

MuuguziPekee: Wadau, salamu. Nahudumia shule tatu peke yangu. Kuna mwanafunzi analishwa kwa mrija saa sita mchana, na saa hiyo mimi niko shule nyingine. Mkuu wa shule anataka msaidizi wa darasa, asiye na leseni, amlishe. Nisaini? Usingizi sipati.

MamaPacha: Wangu alilishwa na mwalimu wake miaka miwili, mrija wa tumboni. Anamkalisha wima, anapitisha maji kabla na baada, kisha hamruhusu kulala mpaka nusu saa ipite. Yule dada namwombea hadi leo. Saini tu.

Mzee_Kipimo: Shule tatu, muuguzi mmoja! Wanabana matumizi, likitokea la kutokea anabebeshwa mnyonge. Waajiri watu.

ZamuYaUsiku: Tuanze na mrija. Unaingia moja kwa moja tumboni, au unapitia puani?

MuuguziPekee: Puani. Na kusema kweli nilishasaini Jumatatu. Lakini nilimwelekeza mara mbili, akarudia mbele yangu bila kosa, na mzazi ameridhia kwa maandishi.

ZamuYaUsiku: Mtoto akikohoa au kutapika, ncha ya mrija wa puani inaweza kuhama na plasta ikabaki imeshika vilevile. Ndiyo maana kabla ya kila mlo unavuta majimaji kwa mrija na kupima asidi: pH (kipimo cha asidi) ikizidi 5.5, asidi ni kidogo na huenda ncha haiko tumboni, hulishi. Kusukuma bomba la sindano mtu anajifunza siku moja. Kuamua "leo silishi" ndiko kunakohitaji muuguzi, na saini yako haikuondolei dhamana.

MuuguziPekee: Anapima! Jana alipata 6, akanipigia. Nikamwambia asubiri nusu saa apime tena.

ZamuYaUsiku: Akapata ngapi?

MuuguziPekee: Hakunipigia tena. Nilikuwa na mtoto wa pumu.

Mchunguzi77: Hii imetungwa. Muuguzi gani analala bila kuuliza jibu? Kila jibu linakuja na jipya.

MamaPacha: Acha, ndugu. Mwenye hofu husema kidogo kidogo.

Mchunguzi77: Basi aseme mtoto yukoje leo.

MuuguziPekee: Nimemuuliza msaidizi sasa hivi. Hakupima tena, alilisha. Mtoto alikohoa kidogo. Leo hajaja shule.

ZamuYaUsiku: Mpigie mama yake sasa. Uliza homa, uliza anavyopumua, na asilishwe tena kabla mrija haujakaguliwa hospitali. Hapa utarudi baadaye.