Wazungu wa laptopu Paje: tuwatolee kibali chao walipe, au tuendelee kujifanya hatuwaoni?

Mleta mada:
Habari zenu wa visiwani na wa bara. Nalileta hili la wageni wanaokaa kwetu huku wakifanya kazi za kampuni za nje kwa laptopu, maana nimechoka kubishana nalo kwenye daladala. Mie nafanya kazi kaunta ya mkahawa mmoja Paje, huku pwani ya mashariki ya Unguja, sitoutaja, mwaka wa nne huu. Kila siku kuna kijana wa Kijerumani anaingia saa nne kasorobo, anaagiza kapuchino moja, anachomeka chaja kwenye soketi iliyo chini ya feni, anauliza waifai leo ikoje kabla hata hajasalimia, basi hapo mpaka saa nane. Upepo ukishika tu laptopu inafungwa, mbio baharini na kaiti yake, lile tiara kubwa linalomvuta mtu kwenye ubao juu ya maji. Jioni karudi nywele zimejaa mchanga, anaongea na bosi wake kwenye kamera, na nyuma yake anataka ule ukuta wetu mweupe wa karibu na choo ili isijulikane yuko ufukweni.

Mtu mwenyewe hana ubaya, tipu anatoa, salamu siku hizi anajibu "marahaba" hata kwa wasiomuamkia. Suala langu ni huyu mtu ni nani? Si mtalii, kakaa mwezi wa tano sasa. Si mkaazi. Kaingia na viza ya kawaida ya dola 50, siku 90, na ile bima ya lazima ya Zanzibar ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024. Viza ile hairuhusu kufanya kazi. Ukimuuliza anakwambia mimi sifanyi kazi hapa, kazi yangu iko Berlin, hapa upo mwili tu. Siku zikikaribia kuisha anaruka Mombasa, anakaa siku mbili tatu, huyo karudi.

Sasa sikilizeni la kwangu. Nilikuwa na chumba Paje, laki moja na ishirini kwa mwezi, dakika kumi kwa miguu mpaka kazini. Mwenye nyumba ni mzee wetu kabisa, tumefuturu nae sahani moja. Siku hiyo kanijia hanitazami usoni, kaniambia mwanangu kuna mtu anatoa dola 400 na anataka ndani tupake rangi nyeupe tu, hebu sema wewe ungekuwa mimi. Sikuwa na la kumjibu. Saivi naishi Kitogani, naamka kabla ya adhana, na gari ya kurudi usiku ukiikosa ni bodaboda na nusu ya ulichokipata siku hiyo imekwenda. Na si mie tu, kuna mwalimu kapangiwa skuli ya huku katokea Pemba, mwezi wa pili huu analala kwa shemeji yake.

Rai yangu: tuwe na kibali chao maalumu. Kenya wameanzisha cha kwao 2024, wanakiita daraja N. Costa Rica, kwenye ile miji yao ya mawimbi kama Nosara na Santa Teresa, walipitisha sheria 2021, mtu aoneshe kipato cha dola 3,000 kwa mwezi anapewa mwaka. Indonesia kwa ajili ya Bali wanataka mtu awe anaingiza dola 60,000 kwa mwaka. Sie je? Mtu akae mwaka kwa viza za kuungaunga na shehia, yaani serikali yetu ya mtaa, haipati hata ndoo ya rangi? Alipe, na fungu lijulikane linabaki kijijini. Mnasemaje?

Dalali wa Jambiani:
Pole na safari za Kitogani mdogo wangu lakini hapa unamlaumu mgeni kwa kosa la nani? Mie nina nyumba tatu za kupangisha, ya kwanza nilijenga kwa mkopo na mahari ya dada zangu wawili iliingia humo humo. Masika ikifika hoteli zinafunga, wafanyakazi wanaambiwa mwende likizo bila mshahara, mapapasi wanacheza bao mchana kutwa. Nani anabaki? Hao hao wa laptopu. Mwezi wa nne na wa tano mvua inanyesha mpaka njia hazipitiki na wao wapo, wananunua matunda, wanapanda pikipiki, wanafuliwa nguo, mama wa maandazi anauza. Mtalii wa hotelini anakula vya hotelini siku saba kaondoka, kijiji hakijui hata sura yake.

Na kwanini wanakuja kwetu hawaendi Bali? Saa! Berlin tumepishana nayo saa moja, kipindi cha baridi mbili. Mtu anapiga kaiti asubuhi, saa nne yuko kazini sawa na wenzake. Wa Marekani ndio wanaumia, wao kazi inaanza saa kumi jioni mpaka usiku wa manane, ndio hao wanaogombana na disko. Hii ni bahati ya jiografia, nyie mnataka kuiwekea geti. Ukiwabana hapa wanakwenda Diani. Kenya wameshawafungulia mlango, umesema mwenyewe.

Mleta mada:
Kaka sijasema tuwabane, rudia kusoma. Nimesema walipe na waandikwe. Alafu hapo kwenye nyumba zako tatu nikuulize kwa heshima zote, bei unataja kwa fedha gani? Maana 2025 serikali ilipiga marufuku kutangaza bei na kutoza kwa fedha za kigeni. Mie natembea Paje nzima sijaona kibao hata kimoja chenye shilingi.

Dalali wa Jambiani:
Vibao vyangu vina shilingi. Nikiulizwa kwa mdomo ndio natafsiri.

Bi Mkubwa wa mwani, Bwejuu:
Wanangu assalam alaykum. Mie nasema, mjukuu wangu anaandika, kukiwa na makosa ni ya kwake. Mwani nimeanza nao ulipoingia Paje na Jambiani mwaka 1989, watoto watano wamesoma kwa mwani. Mnazungumza nyumba, hamzungumzi bahari. Sie tunakwenda maji yakitoka, siku za bamvua yanapotoka mbali, na lazima tumalize kabla hayajarudi. Zamani maji yakijaa bahari ni ya samaki na ngalawa. Sasa yakianza kujaa tu na sie bado tumeinama, matiara yao hayo juu ya vichwa vyetu, na wale wanafunzi ndio hatari hawajui kugeuza, anakuja anaangukia kwenye shamba, kamba zinakatika, vigingi vinang'oka. Mwaka juzi kaniangukia mmoja kwenye mistari minne. Kaomba radhi sana, analia karibu. Kisha kaniuliza kama anaweza kunipiga picha.

Lakini siwezi kusema uongo. Maji ya moto yameuwa ile aina yetu ya mwani, kotonii, tumebaki na aina ya spinosamu, na bei yake kilo nzima hainunui kilo ya sukari. Aliyetufundisha kuuza sabuni ya mwani kwenye mtandao ni mtu huyo huyo wa laptopu, msichana, kakaa kwa mwanangu miezi sita, analipa kila mwezi tarehe moja. Kakata vitenge, kapiga picha sabuni juu ya jiwe, zikaondoka zote. Sasa nyie mkitaka kuwaandika waandikeni, ila kwenye hicho kibali andikeni na saa za bahari. Maji yakiwa yanatoka mpaka yajae kiunoni, wasiguse upande wa mwani. Hilo halina dola.

Mtu wa bara:
Shikamoo bi mkubwa. Wakuu naona mnasema "wazungu" kila sentensi, mi ni Mtanzania mweusi kutoka Arusha, naandika programu kwa kampuni iko Uholanzi, nakaa Paje mwaka wa pili. Mi niwekwe kundi gani? Nimempigia dalali mmoja (sio wewe kaka wa Jambiani, nadhani) kasema nyumba ipo, nimefika ananiona, imechukuliwa jana. Jioni ileile rafiki yangu Mdachi kapiga, ipo, karibu sana. Nikakaa nikacheka maana nalipwa kwa yuro kama yeye. Kwaiyo mleta mada kilichokutoa kwenye chumba chako sio rangi ya mtu, ni matarajio ya mwenye nyumba, na hayo kibali hakiyaondoi.

Pili, mnataka kuwauzia watu kibali cha kufanya kazi kwenye intaneti, intaneti yenyewe iko wapi? Oktoba 2023 TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walitaka kila anayetumia VPN, ile njia ya faragha ya kupita mtandaoni, ajisajili, na hawa watu VPN ndio mlango wa ofisi, bila hiyo hawaingii kwenye mfumo wa kampuni. Oktoba 2025 siku ya uchaguzi mtandao ukazimwa nchi nzima, siku kama tano. Jirani zangu wawili waliondoka na wakaishia Nairobi, mmoja mpaka leo sijamuona. Mi nilimwambia bosi naumwa, kwa simu ya kawaida, dakika tatu zikamaliza vocha. Umeme ndo usiseme. Mtu alipe kibali halafu afanye kazi na mshumaa?

Mleta mada:
Kaka wa Arusha umenikamata pabaya, na pole kwa hilo la dalali. Kweli nimeandika wazungu kila mahali, na mie mwenyewe ukinipa dola 400 kesho sijui kama nitakumbuka kwamba kuna mwalimu anatafuta chumba. Lakini usinichanganyie mambo. Umeme na mtandao ni kilio cha sote, hata mashine ya kadi kaunta inakufa. Mie nasema hivi, Zanzibar kwa sensa ya 2022 tuko watu milioni 1.89, na mwaka 2024 peke yake wageni walipita laki saba. Mgeni wa hoteli tunamhesabu, anatozwa tozo, anajulikana kaingia lini katoka lini. Huyu wa miezi minane kwenye nyumba ya uani, iliyolipiwa kwenye akaunti ya nje, na mwenye nyumba wakati mwingine nae ni mgeni aliyekodi kwa mtu wetu kwa miaka kumi kisha akaipangisha tena mara tano ya bei, huyu hatumuoni kabisa. Sheha ukimuuliza wako wangapi anakuhesabia kwa vidole na vidole haviishii mahali.

Bi mkubwa la saa za bahari sikuwa nimeliwaza na naona ndilo la kwanza, maana hilo hata bila Bunge wala Baraza la Wawakilishi tunaweza, skuli za kaiti zikae na kamati ya wavuvi na kinamama, wapige mstari wa maboya basi.

La pili nyumba. Kila anayepangisha vyumba vitatu kwa wageni, cha nne kiwe cha mfanyakazi wa hapa kwa shilingi. Najua mtanirushia mawe.

Dalali wa Jambiani:
Mawe sina, vibanda vyote nimejenga kwa tofali. Nani atakagua hicho cha nne? Sheha mwenyewe anapangisha wageni mtandaoni, Airbnb.

Mtu wa bara:
😂😂 hapo kimeisha

Bi Mkubwa wa mwani, Bwejuu:
Dalali, wewe ni mtoto wa nani Jambiani? Mbona sauti yako kama naijua.

Dalali wa Jambiani:
Shikamoo bibi. Haya basi yaishe. Nina chumba nyuma ya duka, kina choo chake, dirisha moja, maji ya kisima yana chumvi kidogo ila ya kuogea yanafaa. Huyo mwalimu aje aone. Laki na nusu.

Mleta mada:
Allah akulipe kaka. Laki na nusu kwa mwezi au kwa usiku?