Malalamiko: Mkandarasi "alilinda" ukurasa wa usimamizi kwa SetEnvIf, na bado anadai alipwe

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa malalamiko, nami nimeuandika kwa kirefu kwa makusudi, kwa sababu kila ninapomweleza mtu kwa ufupi huniambia kwamba ninakuza jambo dogo. Taasisi ninayoifanyia kazi ilimpa mkandarasi, ambaye sitamtaja jina, kazi ya kusanidi seva ya wavuti ya Apache 2.4 na kuikabidhi ikiwa tayari kwa matumizi. Katika hati ya makabidhiano aliandika kwamba ukurasa wa usimamizi "umelindwa katika ngazi ya seva". Nilipofungua faili la usanidi ili niuone ulinzi huo, nilikuta hiki:

SetEnvIf User-Agent "Mkaguzi" ruhusa
<Location "/usimamizi">
    Require env ruhusa
</Location>

Kwenye kipande hicho hakuna kingine. Kwa wasiofanya kazi hii kila siku, maana yake ni kwamba ombi likifika na kichwa (mstari wa maelezo unaoambatana na ombi) cha User-Agent chenye neno Mkaguzi popote ndani yake, seva inaweka kigeu cha mazingira (alama yenye jina ambayo seva huikumbuka inaposhughulikia ombi) kiitwacho ruhusa, na ombi lolote lenye kigeu hicho linaruhusiwa kuingia. Sasa User-Agent ni nini? Ni maandishi ya kutambulisha kivinjari au programu, ambayo mgeni mwenyewe anayatuma, na hakuna mahali popote ambapo seva inayahakiki. Mtu mwenye curl, programu ya kutuma maombi kwa amri za maandishi, anaandika curl -A Mkaguzi, anaongeza anwani ya ukurasa wetu, naye yumo ndani bila kuulizwa nywila. Huyu ni mlinzi wa geti anayemuuliza mgeni "wewe ni nani?", akajibiwa "mimi ndiye mwenye nyumba", akafungua.

Nilipomwandikia mkandarasi, alijibu kwamba neno hilo ni siri na hakuna wa nje anayelijua. Jibu hilo ndilo lililonipandisha hasira kuliko usanidi wenyewe, kwa sababu mtu anayesimamia seva anapaswa kujua kwamba User-Agent si mahali pa kuwekea siri. Mbele ya seva yetu iko seva wakala (proxy), inayopokea maombi kwanza na kuyapitisha kwetu, na logi zake, yaani kumbukumbu za maombi, huandika User-Agent ya kila ombi kwa maandishi ya kawaida, kisha logi hizo hupelekwa kwenye mfumo wa takwimu unaofunguliwa na watu wengi ambao hawana kazi yoyote na ukurasa wa usimamizi. Siri ya namna hiyo inaandikwa upya kila inapotumika.

Kuna kibaya zaidi. Mkandarasi huyo huyo, ili ukaguzi wake "usichafue" logi, alikuwa ameweka mstari huu chini kidogo:

CustomLog logs/access_log combined env=!ruhusa

Alama ya mshangao mbele ya jina inamaanisha kwamba ombi liandikwe tu ikiwa kigeu hicho hakipo. Kwa hiyo kigeu kilekile kinachomfungulia mgeni ndicho kinachofuta nyayo zake. Aliyejiita Mkaguzi aliingia bila nywila, akafanya alilofanya, na seva yetu haikuandika hata mstari mmoja. Leo nikiulizwa na wakubwa zangu ni nani ameingia kwenye ukurasa ule tangu siku ya makabidhiano, sina jibu ndani ya seva yenyewe. Nalazimika kuomba logi za seva wakala na kuzichambua kwa mkono.

Wala asije mtu hapa akasema kwamba kosa ni la Apache. Mwongozo rasmi wa Apache una mfano unaofanana sana na huu, ambamo programu iliyojitambulisha kama KnockKnock/2.0 inawekewa kigeu let_me_in na kuruhusiwa. Lakini mwongozo huohuo unaeleza waziwazi kwamba kudhibiti ufikiaji kwa kutumia User-Agent ni mbinu isiyotegemeka, kwa kuwa kichwa hicho kinaweza kuandikwa chochote kwa matakwa ya mtumiaji. Mkandarasi wetu alinakili mfano na kuliacha onyo.

Moduli ya mod_setenvif, inayoleta SetEnvIf, ina kazi zake halali, na mimi mwenyewe ninaitumia. Kwa asili ilisaidia sana kupambana na vivinjari vyenye kasoro: mistari ya BrowserMatch (SetEnvIf inayosoma User-Agent tu) iliyokuwa ikiweka nokeepalive kwa Mozilla/2, au downgrade-1.0 na force-response-1.0 kwa toleo la majaribio la MSIE (Internet Explorer) 4.0, ilikaa kwenye usanidi wa seva nyingi kwa miaka mingi. Unaweza kuitumia kuzima ubanaji kwa no-gzip, au kutoandika kwenye logi picha ndogondogo na maombi ya kupima uhai wa seva. Katika kazi hizo zote, mgeni akidanganya anajiumiza mwenyewe: anapata jibu lisilobanwa, au muunganisho unakatwa mapema, basi. Pale ambapo uongo wa mgeni unamnufaisha mgeni, kigeu kilichotokana na kichwa cha ombi hakifai kabisa, na mpaka huu si mgumu kuuona kwa mtu anayelipwa kuuona.

Nikaendelea kusoma. Chini nikakuta jaribio la pili la ulinzi, safari hii kwa anwani ya IP:

SetEnvIf Remote_Addr "10.1.2.3" ofisini

Nikasema afadhali, maana Remote_Addr haitoki kwenye vichwa. Seva inaichukua kwenye muunganisho wenyewe. Lakini hoja ya pili ya SetEnvIf ni ruwaza, si maandishi ya kulinganishwa herufi kwa herufi. Katika ruwaza, nukta isiyotanguliwa na mkwaju wa nyuma inakubali herufi yoyote, na ruwaza isiyo na alama ya mwanzo na ya mwisho inakubaliwa popote inapopatikana. Kwa hiyo mstari huo unamkubali 10.1.2.3, na 10.1.2.30 hadi 10.1.2.39, na 110.1.2.3 ambayo si anwani ya ndani hata kidogo, na hata 10.112.3.7, kwa kuwa ukizisoma herufi zake za mwanzo moja baada ya nyingine utaona nukta za ruwaza zimemeza herufi zilizo katikati. Angeandika "^10\.1\.2\.3$" angalau ningemheshimu. Bora zaidi, angeandika Require ip 10.1.2.3, ambayo haihitaji ruwaza wala kigeu, na ambayo ipo kwa ajili ya kazi hiyo hasa.

Baadaye ilipowekwa ile seva wakala mbele, maombi yote yakaanza kuonekana yanatoka kwenye anwani yake, na ule mstari ukawa haumtambui mtu yeyote. Mkandarasi akaitwa arekebishe. Alichofanya ni kufuta Remote_Addr na kuweka X-Forwarded-For, kichwa ambamo seva wakala huandika anwani ya mgeni, ruwaza ikabaki ileile. Wakuu, X-Forwarded-For ni kichwa cha ombi kama vingine. Mgeni anaweza kukituma akiwa amekijaza anwani anayoitaka, na seva wakala, kwa mazoea yake, haikifuti bali inaongeza anwani halisi mwishoni mwa orodha. Ruwaza isiyo na mipaka inaikuta ile anwani ya uongo mwanzoni na kuridhika. Ipo moduli ya mod_remoteip kwa ajili ya tatizo hili hasa: unataja kichwa kwa RemoteIPHeader, unataja seva wakala unazoziamini kwa RemoteIPInternalProxy, na Apache inaisahihisha anwani ya mgeni mapema, kiasi kwamba Require ip inafanya kazi kama kawaida. Hayo yote ni mistari miwili.

Kulikuwa pia na mstari wa kuchekesha, ingawa sikucheka:

SetEnvIf Request_URI "futa=1" zuia

Nia ilikuwa kuzuia maombi yenye futa=1 baada ya alama ya kuuliza. Mstari huo haujawahi kumzuia yeyote tena hauwezi, kwa sababu Request_URI ya SetEnvIf haijumuishi sehemu inayofuata alama ya kuuliza. Sehemu hiyo inasomwa kama QUERY_STRING, na katika 2.4 unaweza kuipima kwa SetEnvIfExpr. Ombi moja tu la majaribio lingemwonyesha kwamba mstari wake hauna kazi.

Sasa nije kwenye "marekebisho" yake, ambayo ndiyo sababu ya uzi huu kuandikwa. Baada ya malalamiko yetu ya kwanza aliahidi kuufunga ukurasa kwa muda, akaongeza SetEnv ruhusa 0. Mstari huu una makosa mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, SetEnv ni ya moduli nyingine, mod_env, na hutekelezwa kwa kuchelewa, baada ya hatua ya udhibiti wa ufikiaji kupita, ilhali SetEnvIf hutekelezwa mapema. Kwa hiyo uamuzi wa kumruhusu mgeni unakuwa umeshafanyika sifuri inapofika. Pili, Require env haiangalii thamani ya kigeu, inaangalia kama kigeu kipo. Sifuri ni kuwepo. Kama kweli alitaka kukiondoa, SetEnvIf yenyewe ina namna ya kufanya hivyo kwa kuandika !ruhusa, na kwa kuwa mistari ya SetEnvIf hupitiwa yote kwa mpangilio ilivyoandikwa, mstari wa chini ungekifuta kilichowekwa juu.

Tukalalamika tena. Safari hii akaweka nywila, akatupigia picha ya kivinjari kikiomba jina na nywila, akaambatanisha na ankara ya mwisho. Usanidi ukawa hivi:

<Location "/usimamizi">
    AuthType Basic
    AuthName "Usimamizi"
    AuthUserFile /etc/httpd/nywila
    Require env ruhusa
    Require valid-user
</Location>

Wenye uzoefu wameshaliona. Mistari ya Require ikiwekwa pamoja bila chombo chochote, Apache 2.4 inaichukulia kana kwamba imo ndani ya RequireAny, yaani mmoja ukitimia inatosha. Kivinjari cha kawaida hakina neno Mkaguzi, kwa hiyo kinaombwa nywila, na picha inapendeza. Mwenye curl -A Mkaguzi anapita kama alivyokuwa akipita jana, haombwi kitu, na ule mstari wa CustomLog bado unamficha. Tulijaribu mbele yake katika kikao cha mtandaoni, tukapata jibu la 200, yaani ombi limekubaliwa, na ukurasa mzima. Alinyamaza, kisha akasema kwamba hali hiyo "haiwezi kutokea katika matumizi ya kawaida". Anayevamia seva hafanyi matumizi ya kawaida!

Nimeshasoma watu wakitetea mazoea haya kwa kusema kwamba vigeu vya mazingira ni mambo ya ndani ya seva na mgeni hawezi kuvigusa. Huo ni upotoshaji. Mwaka 2016 dunia nzima ya seva ilitikiswa na udhaifu ulioitwa httpoxy, ambao kwa upande wa Apache ulipewa namba CVE-2016-5387. Chanzo chake kilikuwa kwamba karibu kila kichwa cha ombi hugeuzwa kuwa kigeu chenye kiambishi HTTP_ kabla ya kukabidhiwa skripti ya CGI (programu ambayo seva huiendesha ili itoe jibu), kwa hiyo mgeni akituma kichwa kiitwacho Proxy, skripti inapata HTTP_PROXY, jina ambalo maktaba nyingi hulisoma kama agizo la kupitisha mawasiliano yao kwenye seva wakala. Mgeni akawa anaelekeza mawasiliano ya ndani ya seva kwa kichwa kimoja. Tiba kwenye Apache ilikuwa mstari mmoja, RequestHeader unset Proxy early, na tatizo lenyewe lilikuwa limeshaonekana na kurekebishwa katika libwww-perl, maktaba ya lugha ya Perl, tangu 2001. Kwa hiyo asituambie mtu leo kwamba maneno ya mgeni hayafiki kwenye mazingira ya seva.

Kwa sasa nimeyafuta yote mwenyewe. Kigeu ruhusa hakipo tena popote, CustomLog inaandika kila ombi, mod_remoteip inazitambua seva wakala zetu tu, na ukurasa umefungwa hivi:

<RequireAll>
    Require ip 10.1.2.3
    Require valid-user
</RequireAll>

Nywila zote zilizokuwa zikitumika ndani ya ukurasa ule zimebadilishwa, kwa kuwa hatuna uhakika ni nani alizisoma. Mkandarasi ametumiwa maelezo haya kwa maandishi, pamoja na amri ya curl ili ajaribu mwenyewe, na ankara yake ya mwisho imesimamishwa mpaka aeleze kwa maandishi kwa nini alizima logi kwa kigeu kilekile cha ruhusa. Hajajibu hoja hiyo. Amejibu kuhusu ankara tu.

Ninachoomba kwa wanajamvi ni kimoja. Mliokabidhiwa seva na wakandarasi, tafuteni kwa amri ya grep -rn maneno "Require env" na "Allow from env" katika usanidi wote, yakiwemo mafaili ya .htaccess (usanidi unaokaa ndani ya folda), kisha kwa kila kigeu mtakachokiona tafuteni mstari unaokiweka na mwangalie kinatokana na nini. Mkikuta kinatokana na User-Agent, Referer (kichwa kinachotaja ukurasa alikotokea mgeni) au X-Forwarded-For, futeni anwani zenu na mubandike mistari hiyo hapa, kwa sababu nina mashaka makubwa kwamba usanidi huu umenakiliwa kwa wateja wengine neno kwa neno, pamoja na jina Mkaguzi.