Msimbo mmoja, miradi mingi: mnautunza vipi kwa Git? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Wadau wa Nairobi na kwingineko, habari zenu. Kwa wageni: Git ni programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo.

Wengi wetu tunaishi kwa kuwaandikia watu mifumo: SACCO, shule, duka la jumla, zahanati ya mtaani. Kila mradi una vipande vilevile. Kusafisha namba ya simu, kuitisha malipo ya M-Pesa, VAT, makato ya mishahara. Na vipande hivyo ndivyo serikali inavyovigusa bila kutuuliza. VAT ilishuka kutoka 16% hadi 14% Aprili 2020, ikarudi 16% Januari 2021. Aliyenakili faili ileile kwa kila mteja alizunguka mara mbili.

Nadharia zimejaa kila mahali. Nataka kusikia unatumia nini hasa, na kilikufaa au kilikukwaza wapi. Naanza.

Sisi tunatumia vifurushi. Maktaba ya mishahara, yaani msimbo wa pamoja wa kukokotoa makato, ina repo yake (hifadhi ya msimbo na historia yake), kila toleo lina tagi (jina la kulitambulisha), na mradi wa mteja unataja toleo ndani ya composer.json, faili la PHP linaloorodhesha maktaba zinazohitajika. Kwenye makato ya bima ya afya, SHIF ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, jedwali la zamani likaisha na 2.75% ya mshahara ghafi ikaingia. Wengi hudhani hapo ni kupandisha toleo na kwenda nyumbani. Lakini mhasibu akitaka hesabu ya Agosti 2024 ipigwe upya, anahitaji NHIF, na mfumo wake sasa uko kwenye toleo jipya. Ndiyo maana viwango vyote, vya zamani na vipya, viko ndani ya maktaba, kila kimoja na tarehe ya kuanza kutumika. Git inajua msimbo ulibadilika lini. Sheria ilianza lini ni habari nyingine kabisa, usiiachie tagi.

Mdau wa Rongai

Mimi ni mtu wa sabmoduli, yaani repo ya maktaba iliyounganishwa ndani ya repo kubwa ya mradi, na nitazitetea kiasi.

Watu huzilaani kwa sababu hawajaelewa kinachohifadhiwa. Repo kubwa haibebi mafaili ya maktaba. Inabeba namba ya komiti (badiliko lililohifadhiwa) moja tu, na anwani iliyoandikwa kwenye .gitmodules. Basi. Ndiyo maana ukikloni (ukinakili repo nzima) kawaida unapata folda tupu, hadi uandike git clone --recurse-submodules, au baadaye git submodule update --init.

Kisa chetu: namba za simu za 01 zilipoingia mwaka 2019, kichujio chetu kilikuwa kinakubali namba zinazoanza na 2547 peke yake, kwa hiyo mteja mwenye 2541 anakataliwa kulipa. Mwenzetu akarekebisha mlemle ndani ya folda ya sabmoduli, akafanya komiti, akapandisha repo kubwa kwenye seva, akatoka kukimbilia matatu. Maktaba yenyewe hakuipandisha. Sote tuliovuta tukaambiwa komiti haipo, maana iko kwenye laptopu moja tu, na hiyo laptopu iko kwenye foleni Lang'ata Road na simu ya mwenyewe imezimwa. Ijumaa jioni, bila shaka. Mambo haya hayatokei Jumanne asubuhi.

Tangu hapo kila mashine ya ofisi ina mpangilio huu:

git config --global push.recurseSubmodules check

Git inakataa kupandisha repo kubwa ikiwa komiti ya maktaba haijafika kwenye seva. Tumeweka pia submodule.recurse kuwa true ili kila ukivuta, sabmoduli zifuate. Angalieni, hiyo haisaidii kwenye kukloni, pale bado unaandika mwenyewe.

Jambo jingine: baada ya submodule update huwa hauko kwenye tawi (mkondo wa kazi) lolote. Ingia kwenye tawi kwanza ndipo uguse kitu, la sivyo update inayofuata itaiacha komiti yako ikining'inia na utaitafuta kwa git reflog.

Dada wa Kasarani

Kaka, hiyo nidhamu unayoieleza ndiyo sababu mimi nilienda sabtrii. Wateja wangu wengi wana hosting ya bei nafuu, na anayetunza mfumo baada yangu ni kijana wa ofisi anayejua git pull tu. Kwa sabtrii mafaili yapo kweli ndani ya mradi, haoni tofauti yoyote.

Kuleta mabadiliko ni mstari mmoja: git subtree pull --prefix=lib/malipo, anwani, tawi, na --squash ili historia ya maktaba isimwagike yote kwa mteja. Kurudisha marekebisho kwenye maktaba ndiko kuna kero. Mradi ukishakuwa na historia ndefu, git subtree push inajikokota. Siku hizi marekebisho naanzia kwenye repo ya maktaba, mradi wa mteja unapokea tu.

Mdau wa Ngong Road

Repo moja kubwa, kila kitu ndani. Komiti moja inarekebisha maktaba na miradi yote inayoitumia, majaribio yanakimbia pamoja. Raha tupu, mpaka mteja aliyelipa aseme mkataba unampa msimbo wake wote pamoja na historia. Huwezi kumpa repo yenye kazi za washindani wake. Tulikata folda yake kwa git filter-repo, na maktaba ya pamoja ikazua mjadala wa mawakili. Andikeni hilo kwenye mkataba mapema. Na tafadhali msinitajie Google na repo yao moja kubwa, wao walijijengea mfumo wao wenyewe.

Mdau wa Umoja

Miradi miwili, mtu mmoja. Nanakili faili, juu yake naandika namba ya komiti ilikotoka. Sioni shida.

Mwanafunzi, Kahawa

Wakubwa, na funguo za Daraja, ile API ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, zinakaa wapi? Kwenye maktaba?

Mwanzisha mada

Hapana, ndugu yangu! Kila mteja ana paybill yake na funguo zake, maktaba inazisoma kutoka mazingira ya seva. Na kama ziliwahi kuingia kwenye repo, kufuta faili hakutoshi, zimebaki kwenye historia. Omba funguo mpya leo.

Mdau wa Umoja, nakubaliana nawe kwa miradi miwili. Akija mteja wa tatu, utuambie.

Mdau wa Umoja

Amekuja wiki jana. Bado nanakili.