Washauri wa taaluma, mnasoma nini na kusikiliza nini ili mkue?

Mwalimu_Umoja aliandika:

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule moja ya upili huku Eastlands, na ndiye ninayesimamia idara ya ushauri na uelekezi. Tangu wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waingie Januari 2026, mlango wangu haufungiki. Mtoto amepangiwa mkondo wa sayansi na teknolojia, moyo wake uko kwa sanaa na michezo. Mzazi anatoka kazini Industrial Area, anapitia shuleni jioni kuniuliza kama mkondo wa sayansi ya jamii una ajira. Waliomaliza kidato cha nne nao hunipigia simu kila KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, inapofungua tovuti ya kubadilisha kozi.

Maswali ya alama na kozi nayajibu bila shida. Ninachotaka kukuza ni upande ule mwingine: namna ya kumsikiliza mtoto mpaka nimwelewe kabla sijamshauri, na namna ya kujitunza mwenyewe ili nisirudi nyumbani na mizigo ya watu. Chuoni tulifundishwa nadharia za Holland na Super kuhusu namna mtu anavyochagua kazi, tukazikariri kwa ajili ya mtihani, yakaishia hapo.

Naomba mnitajie vitabu au hotuba zilizobadilisha jinsi mnavyofanya kazi, na mseme kilibadilika nini hasa. Orodha ndefu za mtandaoni nimeziona. Hakuna anayeeleza alikitumia kitabu na nani, wala wapi. Bajeti yangu ni ya mwalimu, na bando ni ile ile ya kila mtu.

Ajira_Ruaka alijibu:

Mimi nafanya kazi na vijana wa vyuo. Designing Your Life ya Bill Burnett na Dave Evans, walimu wa Stanford, ilitoka 2016. Zoezi lao la kuandika maisha matatu tofauti ya miaka mitano ijayo nalitumia sana, kwa sababu kijana akishaandika la kwanza ambalo ni la wazazi wake, la pili na la tatu huanza kusema kweli.

Hotuba: ile ya Emilie Wapnick ya 2015 kuhusu watu wasio na wito mmoja tu maishani. Nina kijana anayeandika programu za kompyuta, anapiga ngoma kanisani na anafuga kuku Kikuyu. Alipoitazama alikaa vizuri kwenye kiti. Ni fupi, bando haitaumia.

MamaMshauri_Buruburu alijibu:

Mwalimu, ningekuwa wewe ningeanza na kitabu ambacho hakikuandikiwa washauri kabisa: Unbowed, maisha ya Wangari Maathai alivyoyasimulia mwenyewe, 2006. Wengi wetu tunakisoma tukitafuta miti na mapambano ya kuitetea Uhuru Park. Wewe kisome ukitafuta kazi. Anarudi kutoka Marekani mwaka 1966 akiwa na barua ya kumwahidi nafasi kwa profesa wa zoolojia katika chuo kikuu hapa Nairobi. Anafika, anaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Barua anayo, kazi hana. Baadaye anakutana na Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akijenga idara ya anatomia ya mifugo, naye anahitaji mtu mwenye ujuzi wa kuandaa tishu za kutazamwa kwa hadubini. Ujuzi huo Wangari alikuwa nao tangu Pittsburgh. Mwaka 1971 anapata shahada ya uzamifu. Kisha utafiti wa kupe wanaoeneza ugonjwa wa ng'ombe unampeleka mashambani, na huko ndiko anakoona mito imejaa udongo na ng'ombe wamekonda. Mwaka 1977 vuguvugu la kupanda miti linaanza.

Hebu fikiria angeketi mbele yako akiwa na miaka ishirini na mitano, barua ile mkononi. Hakuna dodoso lolote ambalo lingekupa jibu la kumpa. Nakipenda kitabu hiki kwa sababu kinamfundisha mshauri kuvumilia kutojua mwisho wa mtu.

Ukishakimaliza, msome John Krumboltz, mwanasaikolojia wa Marekani. Yeye na wenzake waliandika makala mwaka 1999 kuhusu bahati inayoandaliwa, na mwaka 2004 akatoa Luck Is No Accident pamoja na Al Levin. Krumboltz mwenyewe alisimulia kwamba aliingia saikolojia kwa sababu chuo kilimdai achague somo kuu, na mtu wa kumwuliza alikuwa kocha wake wa tenisi, ambaye kwa kazi alikuwa mwalimu wa saikolojia. Anataja mambo matano ya kumjengea mtu: udadisi, kutokata tamaa mapema, kubadilika hali inapobadilika, matumaini, na kuthubutu hata pasipo uhakika. Haya siyahubiri. Nayageuza kuwa kazi ya wiki. Kila kijana anatoka kwangu akiwa na mtu wa kwenda kumwona kabla hatujakutana tena: fundi wa vyuma Kamukunji, muuguzi anayetoka zamu ya usiku, karani wa mahakama Milimani. Anarudi na maswali yake mwenyewe, na mazungumzo yetu ya pili huwa na nyama kuliko ya kwanza.

Sasa kile nilichokisoma mpaka jalada likalegea: Career Counseling ya Mark Savickas, iliyochapishwa 2011. Savickas anauliza maswali machache tu. Ulipokuwa mdogo ulimhusudu nani, na alikuwa mtu wa namna gani? Ni gazeti, kipindi au tovuti gani huwezi kuipita? Hadithi unayoipenda kuliko zote ni ipi, nisimulie kwa maneno yako. Msemo wako wa maisha ni upi? Na kumbukumbu zako za utotoni kabisa ni zipi? Basi. Hakuna alama, hakuna karatasi ya majibu. Unachoandika ni maneno ya mtu mwenyewe, kisha unamrudishia.

Maswali hayo yanaingia Nairobi kana kwamba yalitungwa hapa. Swali la msemo, vijana wengi hunijibu kwa maandishi waliyoyaona nyuma ya matatu, na hayo ni maneno ya kuchukuliwa kwa uzito kama methali ya babu, maana kijana ameyachagua kati ya mamia. Msichana mmoja aliniambia hawezi kukosa kipindi cha mahakama kwenye runinga. Kila mtu nyumbani alishaamua atakuwa wakili. Nilipomwuliza anampenda nani mle, alimtaja karani. Kwa nini karani? Kwa sababu hakimu akiuliza chochote, karani anajua faili iko wapi. Akaeleza kwa furaha jinsi alivyopanga vyeti vya ukoo mzima katika mabahasha: kliniki, shule, shamba, mazishi. Leo anasomea utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Kozi hiyo ilikuwa kwenye orodha siku zote, lakini hakuna aliyekuwa amemsikiliza mpaka afike kwa karani.

Upande wako wewe, Mwalimu, huo wa kurudi nyumbani na mizigo. Hapa naomba usome Man's Search for Meaning ya Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili wa Vienna aliyenusurika kambi za Wanazi, iliyotoka kwanza kwa Kijerumani mwaka 1946. Watu huzungumzia kambi hizo, na wana haki. Lakini fahamu pia alichokifanya kabla ya vita: akiwa bado kijana, alianzisha vituo vya ushauri wa bure kwa vijana wa Vienna, na mkazo ukawekwa kwenye majira ya kutolewa kwa ripoti za shule, kwa sababu ndiyo majira watoto walipokuwa wakijiua. Nikifikiria siku matokeo ya KCSE yanapotangazwa, na simu zinazolia usiku ule, naona tuna ndugu katika kazi hii. Msome kwa jicho hilo.

Halafu The Gift of Therapy ya Irvin Yalom, daktari wa magonjwa ya akili, 2002. Sura zake ni fupi fupi, unasoma moja ukiwa kwenye foleni ya matatu. Yeye anasisitiza kwamba anayewatibu wengine apate naye mtu wa kumtibu. Tafuta msimamizi wa kitaalamu, si mwalimu mkuu wako, mtu wa nje. Hata kabla Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014 haijaja, wakongwe walikuwa wakifanya hivyo.

Kayole_Otis alijibu:

Mama, nakuheshimu, na Unbowed naungana nawe. Lakini nataka kumtetea Super, kwa sababu Mwalimu amemwacha chuoni. Upinde wake wa mvua wa majukumu ya maisha, kila jukumu na rangi yake, alioutoa 1980, ndiyo karatasi ninayoitumia kuliko zote huku Kayole. Super hamhesabii mtu kazi peke yake. Kuna mtu kama mtoto wa wazazi wake, mwanafunzi, mfanyakazi, raia, mwenye nyumba, mpumzikaji. Na jukumu la kuwa mtoto halifungwi ukifika miaka kumi na minane, linaendelea maadamu wazazi wapo.

Mweleze hivyo kifungua mimba wa miaka ishirini na mbili anayetuma M-Pesa nyumbani Siaya kila mwisho wa mwezi na kulipia karo wadogo zake wawili. Nampa kalamu za rangi, anachora mwenyewe. Akiona jukumu la mwana limeimeza karatasi nzima, tunaanza kuzungumza kuhusu kozi ya jioni badala ya kumwambia afuate ndoto yake. Vitabu vingi vya huko nje vinamchukulia mtu kana kwamba anajichagulia peke yake. Huku kwetu anayechagua ni meza nzima.

Hotuba moja tu: mwandishi wa Nigeria Chimamanda Ngozi Adichie, 2009, kuhusu hatari ya hadithi moja. Anasimulia kijana aliyekuwa akiwafanyia kazi nyumbani, Fide, ambaye yeye alijua kitu kimoja tu juu yake, kwamba kwao ni maskini. Alipotembelea kijiji akaonyeshwa kikapu kizuri kilichosukwa na kaka yake Fide, akashtuka. Kila mwaka naitazama kabla shule hazijafunguliwa. Watoto wa mitaa yetu wanakuja na hadithi moja iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, na mshauri asipoangalia ataisoma hiyo hiyo.

Mwalimu_Umoja aliandika:

Asanteni sana, kwa kweli. Swali la karani limeniingia, wiki ijayo nitaanza na maswali ya Savickas kwa wanafunzi watatu. Otis, upinde nitauchora upya kwa mikono yangu.

Bado nina jambo moja. Wazazi. Baba amekaa mbele yangu, kijana ameinamisha kichwa, na baba anasema "huyu ni injinia, tumeshaamua". Kuna kitabu cha hapo?

MamaMshauri_Buruburu alijibu:

Kipo. Motivational Interviewing ya William Miller na Stephen Rollnick, toleo la kwanza 1991. Miller aliianza kazi hiyo akiwahudumia watu wenye shida ya pombe, aligundua kwamba ukimshindilia mtu hoja anazidi kuitetea hali yake. Mzazi ni vivyo hivyo. Wanaonya kuhusu ile hamu ya mshauri ya kunyoosha mambo papo hapo, na wanakufundisha kuuliza swali lililo wazi, kutambua jema la mtu, na kumrudishia alichosema mpaka akisikie mwenyewe.

Baba akisema "huyu ni injinia", usimjibu na takwimu za ajira. Mwambie, "Mzee, naona umelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, unataka asipitie ulivyopitia." Kisha nyamaza. Unyamaze kwelikweli. Mara nyingi hapo ndipo mzee anaanza kueleza jinsi alivyokosa karo, au jinsi alivyofutwa kiwandani bila cheti cha kumtetea, na kijana anainua kichwa kwa sababu hajawahi kuyasikia. Ukishafika hapo mnaweza kuzungumza watatu. Kinene kidogo kitabu hicho, usikisome chote. Soma sura za kusikiliza, kisha ufanye mazoezi na mwenzako kabla ya siku ya wazazi.

Kuhusu pesa: Choosing a Vocation ya Frank Parsons, ya 1909, inapatikana bure kwenye Internet Archive, haki zake zimeisha. Ndiye aliyefungua ofisi ya ushauri wa kazi Boston mwaka 1908, akafa mwaka huo huo kabla kitabu hakijatoka. Lugha ni ya kizamani na mengine yamepitwa na wakati, lakini kurasa za mwanzo kuhusu kujijua, kuijua kazi, na kuyapima hayo mawili pamoja bado zinafaa. Frankl na Unbowed pitia kwa wauza vitabu wa kuinama kando ya barabara mjini, uwe na subira ya kuchakura, na upunguziwe bei. Savickas ndicho ghali. Ulizia Maktaba ya Kitaifa pale Upper Hill, na kama hawana, mchange watu wanne wa idara mkinunue kimoja.

Sisi hapa Buruburu tuna kikundi kidogo cha washauri, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi mchana. Mwezi ujao ni zamu ya Savickas, sehemu ya kumbukumbu za utotoni. Kila mmoja huja na kisa kimoja alichokutana nacho, majina yamebadilishwa, na tunakisikiliza kwa saa nzima. Otis, nawe uje na huo upinde na kalamu zako za rangi. Niandikieni kwa ujumbe wa faragha niwaelekeze mahali.