Dallas mpaka Grand Canyon kwa gari na mama mzazi, tulale wapi na tule nini?

Mama Zuu

Habari zenu wadau, naombeni ushauri. Mama yangu kaja toka Tanga, viza inaisha mwezi wa tisa, na tangu afike kaona sebule yangu, msikiti na maduka basi. Mume wangu kapata likizo Julai tukasema hapana, huyu bimkubwa tumpeleke Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, kwa gari, sisi na watoto na yeye. Ndege hataki kuisikia tena mpaka ile ya kurudi nyumbani. Sasa magoti yanamsumbua hatembei mbali, ana presha anakunywa dawa, nguruwe hatugusi, nyama kama si halali bora tule samaki au mboga, na asubuhi asipopata chai ya maziwa siku nzima hatukai kwa amani 😅. Nimeangalia ramani ni zaidi ya maili 1,000 kwenda tu. Kila ninayemuuliza hapa Dallas ananiambia huko njiani hakuna kitu, we kanyaga tu. Nataka mtu aliyepita kwa macho yake aniambie.

Dereva wa Mvita

Shikamoo nyingi kwa mama kwanza. Dada hao wanaokwambia hakuna kitu wamepita usiku. Mimi barabara kuu ya I-40 ndo ofisi yangu napita na trela, na kila nikipita mchana nasema familia zingeiona hii.

Tokeni Dallas na barabara ya 287 mpitie Wichita Falls mpaka Amarillo, ni kama maili 365, hiyo inatosha kwa siku ya kwanza msimchoshe mzee. Kabla ya kuingia hotelini shukeni Palo Duro Canyon, iko kama maili 25 tu kutoka mjini. Watu wanalipita hili korongo wakikimbilia lile kubwa la Arizona, na hili ndo la pili kwa ukubwa Marekani. Uzuri wake kwa mama ni kwamba gari inashuka mpaka chini kabisa, unaendesha taratibu kuta nyekundu ziko kulia na kushoto na yeye hajafungua hata mlango. Nendeni jioni joto likipungua, maana Julai huko chini mchana ni moto kweli.

Kesho yake mkitoka Amarillo mnapita Cadillac Ranch, Cadillac 10 zimezikwa pua chini shambani tangu 1974, watu wanazipulizia rangi na inaruhusiwa. Wanunulieni watoto kopo la rangi waandike majina yao, ila wavae nguo za zamani upepo wa pale unairudisha rangi usoni.

Sasa chai. Hapa nisikilize vizuri. Vega, Texas, mwendo mfupi tu magharibi ya Amarillo, kuna kituo cha malori kina jiko la Kihindi. Madereva Wapunjabi wamejaa barabara hii siku hizi na wenzao wamefungua majiko, kuna lingine Sayre kule Oklahoma. Ukiingia unasikia harufu ya iliki na tangawizi kabla hujaona kaunta, chai inachemshwa na maziwa kwenye sufuria, si yale maji ya moto na kimfuko, halafu chapati zinatoka motoni na dengu, na mboga ziko nyingi kwa hiyo suala la nyama halipo. Mimi nimekutana pale na Wasomali, Wakenya, Wakongo, wote wamekuja kwa ajili ya chai tu. Bebeni na chupa mjaziwe ya njiani.

Kaka Idi TX

Kwa heshima zote mnamchosha mama wa watu. Maili zote hizo na magoti yale! Mbembelezeni tu apande ndege mpaka Phoenix mkodi gari pale, mwendo wa saa tatu na nusu au nne mko ukingoni.

Nuru wa Burque

Kaka Idi nakuelewa ila kasema hataki ndege, na mtu mzima akisema hataki tumheshimu. Halafu ukiruka juu umeona korongo moja tu. Mama anataka kuona nchi waliyokwenda kuishi wajukuu zake.

Mimi nakaa Albuquerque na karibuni sana. Kabla hamjafika kwetu laleni Tucumcari. Ni mji mdogo kwenye barabara ya zamani ya Route 66, una taa za neoni mpaka raha, na kuna Blue Swallow Motel ya mwaka 1939, kila chumba kina banda lake la gari pembeni kwa hiyo mama anatoka kwenye gari anaingia ndani, ngazi hakuna. Jioni wakiwasha zile taa za buluu na waridi watu wanakaa nje kwenye viti wanapiga soga hata kama hawajuani. Vyumba ni vichache, bukuni leo hii, barabara ilianzishwa 1926 kwa hiyo 2026 inatimiza miaka 100 na watu wanakuja kwa wingi.

Chakula cha New Mexico ni pilipili, jueni hivyo. Kila utakachoagiza utaulizwa unataka nyekundu au ya kijani. Mama aanze na ya kijani pembeni kwenye kibakuli, asimwagiwe juu. Agizeni enchilada za jibini, ni chapati za mahindi zimekunjwa na jibini, na muombe sopaipilla, hizo ni kama mahamri kabisa zimevimba katikati tupu, unatoboa kona unamimina asali. ILA muulize kila mahali kama maharage na hayo maandazi yamepikwa kwa mafuta ya nguruwe, sehemu nyingine wanatumia na hawatakwambia usipouliza. Ukiuliza wanajibu vizuri tu hawakasiriki. Hapa mjini nendeni Frontier, iko Central Avenue mbele ya chuo kikuu tangu 1971, ni kubwa kelele nyingi wanafunzi na wazee wote wamo, ile mikate yao mitamu ya siagi na mdalasini inaliwa ya moto na uma maana inachuruzika. Watoto hawatataka kuondoka.

Na moteli za bei rahisi kabisa kando ya barabara kuu msilipie kabla hamjaona chumba. Mimi niliwahi kupewa funguo ya chumba ambacho mlango haufungi kwa ndani. Ombeni chumba cha chini, kagueni, ndo mlipe.

Mama Zuu

Jamani nimemsomea mama habari ya Vega kanambia "haya tunaondoka lini" 😂😂. Sasa huko kwenyewe Grand Canyon itakuwaje na magoti? Picha ninazoona watu wanapanda na kushuka na mabegi mgongoni, nina wasiwasi atakaa ndani ya gari.

Bi Asha Phx

Dada ondoa shaka, mimi nilimpeleka mama mkwe wangu na anatembea na fimbo. Nendeni ukingo wa kusini, South Rim. Kuna mabasi ya bure yanashusha ubao kwa wasioweza kupanda, na kutoka kituo cha wageni mpaka Mather Point ni njia fupi ya lami. Sasa siri ambayo wengi hawaijui, ile Hermit Road yenye mandhari mazuri kuliko zote, toka Machi mpaka Novemba gari binafsi haziruhusiwi, lakini mkiwa na mtu asiyeweza kutembea ombeni kibali maalumu pale getini au kituo cha wageni, mnapewa namba ya kufungulia geti mnapita na gari yenu mnasimama kila kituo. Semeni tu wazi mama magoti yanamsumbua. Mama mkwe wangu alikaa kwenye benchi kanga mabegani akatoa tasbihi, hakusema neno mpaka jua likazama, sisi tukamuacha.

Ukingoni ni zaidi ya mita 2,100, juu kuliko Lushoto, kwa hiyo kwa presha yake siku ya kwanza apumzike, anywe maji mara kwa mara, na amuulize daktari kabla ya safari. Usiku baridi hata Julai, sweta na soksi ni lazima. Mchana mvua za radi zinakuja ghafla, ukisikia ngurumo wote ndani ya gari, ukingoni si pa kusimama.

Kulala mle ndani ya hifadhi vyumba vinaisha mapema sana maana vinafunguliwa miezi 13 kabla, ila watu huwa wanaghairi, angalia tovuti kila asubuhi. Ukikosa lala Tusayan nje ya geti, au Williams, au Flagstaff ambayo ni maili 80. Usiku msiendeshe kwenda hotelini kama mnaweza, kuna elk wanavuka barabara, ni aina ya kulungu wakubwa sana.

Ada, gari moja ni dola 35 kwa siku saba na pasi ya mwaka ya mkaazi ni dola 80. Lakini mama ni mgeni na tangu Januari 2026 wageni wa nje wameongezewa dola 100 kwa kichwa kwenye hifadhi 11, Grand Canyon imo. Soma tovuti ya hifadhi kabla ya kuondoka mjue kwa gari yenu inakuwaje.

Na njiani kati ya Gallup na Holbrook msiikose Petrified Forest. Ingieni geti la kaskazini kwenye I-40, mnaikata hifadhi yote kwa gari mnatokea kusini barabara ya 180 mpaka Holbrook, hamrudi nyuma. Magogo ya zaidi ya miaka milioni 200 yamegeuka mawe, ndani yana rangi ya zambarau na njano kama kito. Watoto wasiokote hata kipande, ni kosa la sheria.

Dereva wa Mvita

Naongezea saa. Mkiingia New Mexico mnarudisha saa moja nyuma, Arizona nyingine tena, ila ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili, ndani ya Arizona inafuata saa ya New Mexico. Mkitokea geti la mashariki mkala Cameron, pale wana mkate wa kukaanga mkubwa unajaza sahani maharage na nyama juu (waombe bila nyama), simu itawachanganya kabisa. Mama asikosee saa ya dawa.

Kaka Idi TX

Sawa nimekubali 🙌. Basi kurudi msirudi I-40, shukeni kusini mpite White Sands. Ni jasi nyeupe tupu sio mchanga wa kawaida, haishiki joto, mama anavua viatu anakaa jua kali na miguu haiungui, wajukuu wanateleza na visahani vya plastiki. Baadaye Carlsbad Caverns, kuna lifti inashuka futi 750 mpaka ndani ya pango. Wote mbebe vitambulisho na mama pasipoti yenyewe sio kopi, barabara za kusini zina vizuizi vya Border Patrol, walinzi wa mpaka. Na asubuhi hiyo angalieni tovuti ya White Sands kwanza, jeshi likijaribu makombora wanafunga barabara saa kadhaa.